Embe za chini nazo zina bei

Jumapili moja ya Januari, saa kumi na moja alfajiri, simu ya kakangu ililia. Sisi watatu bado tunakaa nyumba moja ya baba hapa Malindi na ukuta wa chumba changu na chake ni mwembamba kwa hivo nlisikia kila kitu, ni mzee mmoja wa Kakuyuni anamwambia lori halikuja. Hakuongeza neno. Na kwa mtu mwenye miembe huku kwetu, lori kutokuja mwezi wa Januari ni habari ya msiba, manake embe zishavunwa tangu juzi, zimepangwa kwenye kreti chini ya mti, zimefunikwa makuti, zinamngoja broka waliyepatana naye bei kwa simu na sasa hiyo simu haishikwi.

Kutoka nje namkuta dada ameshaamka, kajifunga leso, taa ya jikoni inawaka. Swali lake la kwanza ni la aina ya embe: "Ni ngowe ama apple?"

"Ngowe," kaka akamjibu. "Kreti hamsini na mbili."

"Zimegeuka rangi?"

"Asema mabegani zishaanza umanjano."

"Basi tuna siku mbili."

Watu huniuliza hasa nyinyi mwafanya biashara gani, wengine wanadhani ni shirika la misaada, wengine wanadhani tunauza juisi. Nikitaka kueleza kwa ufupi nawaambia hayo maneno ya dada, tuna siku mbili. Embe haingoji iko mtini ndo iive, hata ikishakatwa inaendelea tu, na ikishaanza huwezi kuirudisha nyuma, kwa joto letu hili la kaskazi ngowe ikigeuka leo keshokutwa imelainika na siku ya nne inatoa maji chini ya kreti na nyuki wamejaa. Kazi yetu yote, kukausha na kupika embe zilizoanguka ama zilizokosa broka kabla hazijaoza, iko kwenye hizo siku mbili.

Tuko watatu. Dada ndo kifungua mimba, alifundisha hesabu na sayansi shule ya msingi miaka kumi na moja. Kaka anamfuata, yeye ni mpishi, alianza kuosha masufuria hotelini akiwa na miaka kumi na tisa mpaka akawa anasimamia bafe. Mimi ni kitinda mimba, nlikua naendesha tuktuk na kwenye simu nna namba za watu wengi kuanzia Mambrui mpaka Watamu, hizo ndo nlizoleta kwenye kazi.

Ilianza mwaka 2020. Korona ilipoingia Machi hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, ndege za nje zikasimamishwa, Aprili kaunti ya Kilifi nzima ikafungwa, huingii hutoki, mpaka Juni. Kaka alirudi nyumbani na visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati, na kwa wiki mbili sikumsikia akisema la maana. Kisha ukaja msimu mdogo wa embe, ule wa mwezi wa tano mpaka wa saba, sio mkubwa kama wa Novemba mpaka Machi lakini miti ya baba ilikua imezaa. Magari ya mizigo yaliruhusiwa kupita lakini mabroka wetu hawakuonekana. Basi embe zikaanguka tu. Usiku umelala unazisikia, pu, kimya, pu pu, nyingine inagonga bati la banda la mbuzi, na kila mlio ule baba anageuka kitandani, tulimsikia.

Asubuhi moja kaka akachukua ndoo na mizani ya zamani ya mama ya kupimia unga, akaanza kuokota na kupima. Nikamuuliza wafanya nini, akasema hotelini kila usiku bafe ikimalizika walikua wanapima mabaki, pipa la jikoni peke yake, pipa la vilivyoharibika stoo peke yake, pipa la vilivyorudi kwenye sahani peke yake, na mkubwa wa jikoni anauliza kila gramu imetoka wapi, na hapa kwetu kunaoza tani nzima na hakuna aliyewahi hata kupima. Siku ile aliandika kilo 61. Siku moja, chini ya miti kumi na tatu. Karatasi ile dada ameiweka mpaka leo ndani ya daftari la kwanza.

Kuna jambo lingine dada alilitoa baadae kwenye kusomasoma kwake na mimi huwa nalirudia kila nikipata mtu wa kunisikiza. UNEP, hawa wa mazingira wa Umoja wa Mataifa ambao makao yao yako hapa hapa Kenya pale Gigiri, walitoa ripoti mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichofika kwa walaji, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, kilichobaki ni hotelini na madukani. FAO, wale wa chakula na kilimo wa Umoja wa Mataifa, nao wana hesabu yao ya kinachopotea kati ya kuvunwa na kufika dukani, hiyo ni asilimia 13 hivi. Sasa dada akatuuliza, embe ya baba iko kwenye hesabu gani? Haikufika kwa mlaji kwa hivo kwa UNEP haimo. Na haikuvunwa, imeanguka yenyewe, kwa hivo hata kwa FAO haimo. Haiko popote! Imetoa maua, imenyonya maji miezi minne, imeiva, imeoza, na kwenye vitabu vya dunia ni kama haikuzaliwa. Mimi hilo lilinikaa sana. Tunaambiwa tumalize chakula kwenye sahani na ni kweli tumalize, lakini nenda Kakuyuni, nenda Jilore, nenda Marafa mwezi wa Januari uone kama shida ya huko ni sahani.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu mkubwa, maana tuligombana na nataka kuueleza vizuri sababu ndani yake ndo kuna kazi yenyewe.

Msimu wa kwanza tulichukua embe za chini bure. Wakulima walifurahi, chukueni wanangu mtusafishie shamba, wengine wakatuombea dua. Kaka alisema hiyo ndo hesabu inayokubali, ukitoa petroli ya tuktuk, ukalipa kina mama wanaomenya, ukanunua paketi, hubaki na kitu cha kumlipa mtu kwa embe ambayo yeye mwenyewe angeitupa. Dada akakataa. Akasema lazima tulipe, hata kidogo. Walibishana jikoni wiki nzima, kaka anasema dada wewe wataka kutufilisi kabla hatujaanza, dada anasema mdogo wangu kitu cha bure hakiangaliwi na mtu. Mimi katikati nikawa naona wote wana haki.

Kilichomaliza ubishi ni zile embe zenyewe. Za bure zililetwa kwenye gunia, zimemwagwa kama mchanga, nzima na zilizopasuka pamoja, nyingine zimeokotwa leo nyingine za juzi, kuna udongo kuna kinyesi cha kuku, kwenye kilo mia tunapata kilo thelathini za kuingia jikoni. Tukisafisha tunatumia maji mengi na maji Malindi tunanunua kwa mtungi. Dada akasema hebu tujaribu wiki mbili, shilingi 5 kwa kilo, lakini iwe imeokotwa asubuhi ile ile, haijapasuka, haina tundu. Wiki ya kwanza tu mambo yakageuka. Watoto wanaamka alfajiri kabla kuku hawajashuka, wanaokota na kupanguza kwa kitambaa, kina mama wanapanga ndani ya ndoo na majani chini ili zisigongane, kwenye kilo mia sasa zinaingia jikoni themanini na kitu. Embe ni zile zile na miti ni ile ile. Hapo kaka akanyamaza, jioni akamwendea dada na kikombe cha chai ya tangawizi akaweka mezani mbele yake, na kwetu sisi hiyo inatosha.

Ilileta na shida yake, sitaficha. Kijana mmoja alianza kutikisa matawi usiku ili zianguke. Embe iliyotikiswa unaijua, kikonyo kimevunjika vibaya, ule utomvu unamwagikia ngozi na kuichoma, inabaki na michirizi myeusi kama machozi. Hatukumfukuza. Tuliweka bei mbili wazi kwa kila mtu, shilingi 12 kwa kilo ya kuvunwa kwa mkono na kikonyo chake, shilingi 5 kwa ya chini, kwa hivo mwenye kutikisa anajiibia mwenyewe. Yule kijana sasa ndo mvunaji wetu hodari zaidi, ana mti wake wa mianzi wenye kikapu kwenye ncha na anakata embe moja moja.

Na kuna embe zenye funza. Huyu nzi wa matunda anayetumaliza si wa kwetu asili, alitoka Asia, na hapa Kenya alionekana mara ya kwanza mwaka 2003. Jike anatoboa ngozi na kutaga ndani, nje unaona kidoa tu kama ncha ya sindano, ndani nyama imeshakua uji. Ni huyu huyu aliyefanya Kenya isimamishe kupeleka embe Ulaya mwaka 2014, soko halikufunguliwa tena mpaka 2021, na miaka yote hiyo mkulima wa pwani alibaki na broka wa lori peke yake. Sasa ukiiacha embe yenye funza chini ya mti, wale funza wanatoka wanaingia ardhini, wanageuka, wanapanda juu nzi wapya, na mti ule ule wa kwako unaliwa tena. Yaani embe unayoiacha kuoza leo ndo inayoharibu nyingine baadae! Kwa hivo hizo tunazichukua pia ingawa hatuzinunui, zinatiwa kwenye mfuko mweusi wa nailoni unafungwa kabisa na kuachwa juani mpaka kila kitu ndani kife, ama zinafukiwa shimo linalopita magoti. Baba alikua hawaamini hao nzi kutoka Asia mpaka tulipotundika mtego, chupa ya maji yenye dawa ya kuwavuta madume, siku tatu akaimwaga kwenye karai akawahesabu mwenyewe. Tangu hapo hataki mtu aguse viota vya maji moto juu ya miti yake. Wale chungu wekundu wanaoshona majani, zamani tulikua tunawachoma moto sababu wanauma wakati wa kupanda, kumbe wao ndo walinzi, nzi hapendi kutaga penye maji moto.

Jikoni kazi inaenda hivi. Embe inaoshwa, inamenywa, inakatwa vipande vya unene wa kama kidole kidogo cha mtoto, inachovywa kwenye maji yenye ndimu isigeuke nyeusi, inapangwa kwenye trei za wavu bila kugusana. Kisha inaingia kwenye draya ya sola, tunazo mbili, kaka alizijenga na fundi wa mbao wa Maweni, ni kama kitanda kirefu kilichofunikwa nailoni ngumu, hewa ya moto inaingia chini inatoka juu. Siku nzuri ya kaskazi ndani inafika nyuzi 60, siku mbili embe imekauka. Kilo kumi za embe zinakupa kilo moja, ukiwa na bahati, sababu zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji na hapo bado hujatoa ganda na kokwa. Maganda yanaliwa na mbuzi. Kujua kama imekauka, dada ametufundisha usiangalie rangi. Unachukua kipande kimoja cha katikati ya trei, sio cha pembeni, unakiacha kipoe kabisa, unakikunja mara mbili. Kikivunjika umekipitisha, kikishikana na kubaki vile kimekunjwa bado kina maji, kinatakiwa kifunguke chenyewe polepole kama ngozi ya kiatu laini. Kina mama wetu wawili wanaweza kujua hata bila kukunja, wanaminya tu na kidole gumba na hawakosei.

Lakini tulikosea, na tulikosea vibaya. Msimu wetu wa pili, mwishoni mwa Novemba, vuli ilikua haijaisha, mawingu siku nne, na kulikua na oda ya kupeleka Watamu. Mimi ndo nlikua naongea na mteja na mimi ndo niliyesema hizi zimetosha tufunge. Dada hakuwepo, kaka alisitasita, nikasisitiza. Tukapaki kilo 38. Siku ya sita mteja akanitumia picha, ndani ya paketi koga nyeupe, nyingine kijani. Tukarudisha pesa zote na kilo 38 zikaenda shimoni, karibu kilo mia nne za embe mbichi hizo, za watu, tulizozilipia ili zisioze na zikaoza mikononi mwetu. Nililia siku ile, sio kwa pesa. Dada hakunigombeza. Aliniambia tu njoo tuandike, tukaandika kwenye daftari tarehe, hali ya hewa, nani alisema funga, na chini yake kanuni mpya, embe ikitoka draya inakaa siku saba ndani ya ndoo iliyofungwa, kila asubuhi inatikiswa na kufunguliwa kuangaliwa, ikiwa ukuta wa ndoo una jasho inarudi draya. Kanuni hiyo iko ukutani kwa maandishi yangu mimi.

Kuhusu soko nataka kusema kitu kwa vijana wa pwani wanaotaka kuanza kazi kama hii. Sisi tulidhani mteja wetu ni mtalii. Tukatengeneza paketi nzuri, tukafuata KEBS, shirika la viwango la Kenya, mpaka tukapata alama yao ya ubora, ilichukua muda na pesa lakini fanyeni, bila hiyo duka kubwa halikusikizi. Na watalii wananunua, Desemba na Agosti. Miezi mingine je? Aliyetuokoa ni mama. Alikua anatuangalia tu, siku moja akasema hizi mbichi ngumu zilizoanguka na upepo mwaziacha kwa nini, akachukua kisu akazikata vijiti, akazitia chumvi, akazianika, akazipika na sukari na pilipili ya unga, akatoa achari ile tuliyokula sisi utotoni. Tukaipaki ya shilingi 10 na 20. Ile achari inauzwa kila siku ya Mungu, mvua jua, madukani, stendi, inapanda basi inaenda Mombasa. Ya mama haina ile rangi nyekundu inayopaka ulimi, mwanzoni watoto waliikataa, wakaizoea. Na uzuri wake achari inataka embe changa, ile ambayo draya haiitaki, kwa hivo upepo ukipiga kabla ya wakati na kuangusha embe ambazo hazijakomaa, sasa nazo zina pa kwenda.

Mabibo bado yanatushinda. Ukipita mashamba ya mikorosho wakati wake yamelala chini mengi mno, watu wanachukua korosho tu, na bibo haliwezi hata hizo siku mbili, asubuhi limeanguka jioni linachacha. Kaka anajaribu jaribu, bado.

Basi nirudi Jumapili ile ya lori. Kreti hamsini na mbili ni mzigo mkubwa kuliko sisi. Tuliazima pikapu ya jirani, na mimi na tuktuk, saa moja tuko Kakuyuni, mzee amekaa juu ya kreti moja hajalala. Dada akapita kila kreti akiminya na kugawa: ngumu kabisa huku, zilizogeuka pale, zilizolainika kule. Kreti 13 zilienda draya, zikajaza zote mbili. 8 ngumu zikaenda kwa mama. 10 kaka alizisaga rojo akajaza friza mbili usiku ule ule, akamaliza saa tisa usiku na miguu imevimba. Mimi nikapiga picha nikatupia kwenye makundi yote ya WhatsApp nliyonayo, ngowe ya Kakuyuni ndoo shilingi 100, leo tu, tukauza kreti 14 kati ya soko la zamani na Barani mpaka giza. 5 tulizipeleka madrasa na kituo cha watoto. 2 hatukuwahi. Nazitaja hizo mbili sababu dada alituambia tuziandike, na tukaziandika.

Mzee tulimlipa kwa M-Pesa jioni, sio bei ya broka aliyoahidiwa, tulimweleza ukweli kwamba zile za ndoo zimeuzwa chini. Akasema sawa wanangu, akakata simu.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwenyewe. Alikuja na bodaboda kutoka Kakuyuni, kapakata kikapu cha ukili magotini na kingine kimefungwa nyuma. Za kikapu cha kwanza alizikata na kikonyo, zimelazwa kichwa chini utomvu uchuruzike. Cha pili kilikua cha embe za chini, boribo na ngowe, kila moja imepanguzwa, na kati ya safu na safu ametandika majani makavu ya mgomba. Miaka yote mimi nimemjua yule mzee hajawahi kuinama kuokota embe iliyoanguka, alikua anaipiga teke ikae mbali na njia. Akamwambia dada, "Mwalimu, hizi za huku ni za shilingi kumi na mbili, na hizi za tano. Nimezitenga mwenyewe, lakini wewe pima."

Dada akatundika kikapu cha pili kwenye mizani, akangoja mshale utulie, akaandika. Kilo kumi na nne na nusu.